Reli ya Sentimita Mbili: Safari Yangu Toka Kitale Hadi Bungoma

Watu wengi husafiri kila siku kutoka Kitale kwenda Bungoma. Mmoja huenda kuuza, mwingine kununua, mwingine ana kesi, na mwingine huenda kumtazama mgonjwa. Mimi, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nilisafiri njia hiyo nikiwa nimepakata stesheni ya gari la moshi ya Kitale. Kondakta wa matatu alinitazama, akalitazama na sanduku langu la kadibodi, akaniuliza, "Mkubwa, hiyo ni keki ya harusi?" Nikamjibu kwamba ni stesheni. Akacheka, na abiria wote wakacheka, nami sikuwalaumu.

Wasomaji nao na wacheke kama wapendavyo, kisha wanisikilize. Nataka kuwaeleza habari za kazi ndogo ya mikono ambayo imenifurahisha kupita nilivyotazamia, na jinsi ilivyonirudishia kitu ambacho nilidhani nimekwisha kukipoteza.

MCHEZO GANI HUU?

Kazi yenyewe ni kutengeneza mfano wa reli: njia, stesheni, injini na mabehewa, vyote vidogo, lakini kila kimoja kwa kipimo chake. Mtu asiyeijua huiona ni mchezo wa watoto, na kwa kweli ilianza hivyo. Huko Ujerumani kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen ilionyesha magari yake ya kuchezea, pamoja na reli zake, katika mwaka wa 1891. Huko Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza magari ya namna hiyo mwaka wa 1920. Watoto walipokua hawakutaka kuyaacha. Wenye kuupenda ufundi huo walikwisha kuanzisha chama chao London mwaka wa 1910, na wa Marekani wakaunda chama cha nchi nzima mwaka wa 1935, ambacho kiliweka vipimo vya pamoja ili gurudumu la mtu mmoja lipite juu ya reli ya mwingine. Siku hizi, katika mji wa Hamburg, ipo nyumba nzima ya mifano ya reli iliyofunguliwa mwaka wa 2001, na watu kutoka nchi nyingi huenda kuitazama.

Sisi hatuna duka la vitu hivyo mjini Kitale wala Bungoma. Lakini ni nani kati yetu ambaye hakutengeneza gari la waya alipokuwa mtoto, au kulisukuma gari la mabua ya mahindi lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa? Mikono tunayo. Tulichokosa ni kipimo tu.

Basi kipimo chetu ni hiki. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita moja baina ya chuma na chuma. Sisi tumeamua kupunguza kila kitu mara hamsini. Mita moja ya kweli ni sentimita mbili kwetu, na kwa hiyo reli yetu ina upana wa sentimita mbili. Mtu mwenye kimo cha mita moja na nusu anakuwa wa sentimita tatu. Hesabu hii aiweza mtoto wa shule ya msingi, walakini ni kali, kwa maana haimpendelei mtu. Ukikosea nusu ya milimita kwenye reli, gari laanguka.

Reli zenyewe twatengeneza kwa spoki za baiskeli, na spoki mbovu hazikosekani katika nchi hii. Twazinyosha, twazisugua kwa msasa, kisha twazilehemu ncha kwa ncha. Kwenye njia ya kweli mataruma mengi ni ya chuma, lakini yetu ni ya mbao laini. Sababu ni umeme: reli moja huleta umeme na ya pili huurudisha, na taruma la chuma lingeziunganisha na kuleta shoti. Umeme watoka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Injini ina mota ndogo iliyotolewa katika redio ya kaseti iliyokufa. Mabehewa ni ya bati la makopo.

STESHENI YA KITALE

Mimi ni karani wa serikali hapa Kitale, na siku zangu hupita katika majalada na mihuri. Sikuzaliwa zama za injini za mvuke. Injini hizo zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika kazi ya kawaida nchini kufikia mwaka wa 1980, nami nikazaliwa baadaye. Hata hivyo niliikulia reli masikioni, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa reli.

Yafaa msomaji ajue jinsi njia ilivyofika kwetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na Kisumu mwaka wa 1901. Baadaye ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru, ikapanda milima mpaka Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,700, kisha ikateremka, ikafika Eldoret mwaka wa 1924. Kutoka huko njia kuu iliendelea kwa Turbo, Webuye na Bungoma, ikavuka mpaka Malaba, na mwaka wa 1931 gari la moshi likaingia Kampala. Kitale haiko juu ya njia kuu hiyo. Kitale ilipata tawi lake mwaka wa 1926, litokalo mahali padogo paitwapo Leseru, likapita Soy na Moi's Bridge. Tawi hilo ndilo lililochukua mahindi ya Trans Nzoia kwenda nchi za mbali.

Mwaka huo huo wa 1926, Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha nyumba yake ya makumbusho katika sehemu hizi. Alikuwa ameanza kukusanya wadudu, wanyama na vitabu tangu mwaka wa 1894, na watu wengine huenda walimwona ni mtu wa kupoteza wakati. Alipofariki mwaka wa 1966 aliwaachia wananchi wa Kenya mkusanyo wake, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya, na mwezi wa Desemba 1974 makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa watu wote. Mimi hupita hapo mara kwa mara. Hunikumbusha kwamba jambo ambalo mtu hulifanya jioni kwa kulipenda tu laweza siku moja kuwa mali ya wote.

Stesheni yangu ya Kitale ilinichukua miezi saba. Niliomba ruhusa kwanza, kisha nikapima jukwaa kwa hatua, nikahesabu madirisha, nikachora kila upande kwenye karatasi yenye mistari. Kuta ni za kadibodi ngumu, na paa ni la bati la kopo la maziwa. Nilifanya kazi usiku, watoto wakiisha kulala. Mke wangu alisema, "Afadhali kadibodi kuliko baa," akaniongezea taa.

NDUGU WAWILI, MBAO MBILI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karani hapendi kuliandika gazetini. Bungoma nina ndugu yangu mkubwa, fundi wa redio na simu. Yeye ndiye aliyeanza ufundi huu wa reli ndogo, pamoja na mwalimu mmoja wa hesabu, seremala mmoja, na vijana wachache wa shule. Hukutana Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi katika darasa tupu. Chama chao hakina jina wala kadi. Kina sheria moja tu, nayo yahusu mbao: kila mtu atengeneze ubao wake nyumbani, wenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40, njia iingie katikati kabisa ya ncha moja na kutokea katikati kabisa ya ncha ya pili. Hivyo mbao za watu wote zaweza kuunganishwa, ingawa kila mtu amefanya kazi peke yake na kwa mtindo wake. Sheria za namna hii zinatumika pia Ulaya na Marekani, kwa sababu ni watu wachache wenye nyumba ya kutosha reli nzima.

Mimi na ndugu yangu tulikuwa hatujasemezana kwa miaka miwili. Sababu ilikuwa shamba la baba lililoko Kiminini, ambalo alitugawia nusu kwa nusu. Mwaka ule yeye alisema kwamba mahindi yangu yamevuka mpaka kwa mistari sita. Mimi nikasema ni yeye aliyesogeza alama. Maneno yakaongezeka, tena mbele ya watu waliokuja matangani, na maneno ya matangani hayasahauliki upesi. Tangu siku hiyo habari zake nilizipata kwa mwalimu yule wa hesabu, ambaye tulisoma pamoja katika shule ya misheni. Mwalimu ndiye aliyeniandikia vipimo vya mbao na kunikaribisha. Hakunitajia ndugu yangu, nami sikumwuliza.

Na baba alikuwa akikaa kwa ndugu yangu. Macho yake yamefifia kwa ugonjwa wa presha ya macho, na daktari alikwisha kutuambia kwamba nuru iliyopotea hairudi, na iliyobaki ni ya kutunzwa tu. Kwa hiyo kila mwezi niliousubiri ili ndugu yangu aanze kunisalimu, baba aliona kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Nilijua hivyo, na bado sikwenda.

NJIANI

Matatu yetu iliondoka Kitale saa mbili asubuhi. Ubao wangu ulilazwa nyuma, juu ya magunia, na stesheni nikaipakata kama nilivyosema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mahindi ya pande zote mbili za barabara yalisimama mabichi, yamekwisha kubeba. Mkono wa kulia Mlima Elgon ulijifunika wingu mpaka mabegani. Tulipita Kiminini, nami nikageuza uso nisitazame upande wa shamba. Tukapita Kamukuywa, ambako abiria watatu walishuka na wanne wakapanda, kisha Misikhu na Lugulu. Nchi yateremka polepole upande huo, na hewa ya Kitale yenye baridi hukuacha bila kukuaga.

Tulipofika Webuye tuliiona reli. Zamani mahali hapa paliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Kutoka hapo barabara na reli huelekea Bungoma pamoja, mara zikikaribiana, mara zikiachana, na mashamba ya miwa yakaanza kuonekana. Kondakta, ambaye sasa alikuwa amezoea sanduku langu, alinionyesha njia akasema, "Reli yako hiyo, mkubwa." Nikafikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri kabla. Kwa barabara, Kitale na Bungoma ni majirani, mtu huenda na kurudi siku moja. Kwa reli si hivyo. Gari litokalo Kitale lazima kwanza lirudi nyuma mpaka Leseru, karibu na Eldoret, ndipo liingie njia kuu na kuelekea Bungoma. Hakuna njia ya mkato.

"LESERU IKO WAPI?"

Darasani nilikuta mbao tano zimekwisha kupangwa juu ya madawati. Ilikuwapo Malaba, yenye malori ya udongo mstarini. Ilikuwapo Webuye, na maji ya maporomoko yake yalikuwa karatasi ya nailoni. Na katikati ilikuwapo Bungoma, kazi ya ndugu yangu. Nakiri kwamba nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu. Taa za stesheni ziliwaka. Mikono ya ishara ilipanda na kushuka kwa uzi. Ndugu yangu alikuwa ameinama chini ya dawati akifunga nyaya, na hakuinuka.

Nikaunganisha ubao wangu, na hapo aibu ikanipata. Ncha ya njia yangu ilikuwa imekwenda kando milimita nne. Vijana walijaribu kupitisha behewa, likaanguka. Nilikuwa nimepima kwa futi ya nguo ya fundi cherehani, iliyokwisha kuvutika kwa uzee. Karani mzima, mwenye kuwarudishia watu fomu zao kwa kosa la herufi moja! Kabla sijasema neno, mkono ulitoka chini ya dawati na kuweka rula ya chuma mbele yangu. Niliitambua rula ile. Ilikuwa ya baba, ya siku zake za kazi. Nikasema, "Asante." Hakujibu, lakini nilipokuwa nikibandua reli yangu aliniwekea na chuma cha kulehemu, kimekwisha kupata moto.

Saa sita baba aliletwa na mjukuu wake, akimshika mkono. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Na wewe umekuja." Vijana walitaka kumfurahisha, wakampa mkononi injini yao kubwa ya bati, wakamwambia ni 5918.

Hapa yafaa nieleze, kwa kuwa injini hiyo ina sifa. Aina ya 59 zilikuwa injini 34, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, nazo ndizo injini za mvuke kubwa kuliko zote katika njia za upana wa mita moja duniani. Ni za namna ya Garratt: chungu cha mvuke kimebebwa katikati, na huku na huku pana seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja peke yake, ili mwili mrefu uweze kupinda kwenye kona. Magurudumu yake yote ni 28. Zilichoma mafuta mazito, wala si makaa, kama wengi wadhanivyo. Nambari 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena, zimetunzwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971.

Baba aliipapasa ile ya bati tangu mbele hata nyuma, akahesabu magurudumu kwa kidole. Akasema, "Magurudumu mmeyahesabu vema. Lakini huyu hakuwa mtu wa huku. Kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Huku nilikuwa nikiona zile za 60." Vijana wakaandika. Injini za 60 nazo zilikuwa Garratt, lakini nyepesi zaidi, zilizoanza na majina ya magavana. Moja yake, 6006, iko pia katika makumbusho yale.

Kisha akaweka vidole juu ya reli, akaifuata ubao kwa ubao. Malaba. Bungoma. Webuye. Alipofika kwangu akasimama. "Hii ni nini?"

"Ni Kitale, baba."

"Kitale imeshikana na Webuye? Gari lenu limeruka. Leseru iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kutengeneza Leseru. Kila mtu alitaka stesheni ya mji wake, yenye sifa na watu. Nani ajisifie Leseru? Lakini baba yangu alifanya kazi Leseru miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli mahali njia zinapoachana, ili gari la Kitale liende Kitale, na gari la Bungoma liende Bungoma. Alifanya hivyo usiku na mchana, kwenye mvua na baridi, na kwa mshahara huo sisi wawili tulisoma. Tulikuwa tumejenga kazi yote ya maisha yake, tukaacha mahali alipokuwa amesimama yeye.

KIBALI CHA NJIA

Hakukasirika. Alisema tu kwamba kama tunataka kuendesha gari, tuendeshe kama watu wa reli. Akatueleza. Njia ni moja, na magari huja kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo baina ya stesheni mbili lazima liwe gari moja tu. Stesheni masta wa huku haruhusu gari kutoka mpaka amemwuliza wa kule, na wa kule amemjibu kwamba njia ni wazi. Dereva hupewa kibali mkononi, na bila kibali haondoki, hata abiria wakipiga kelele namna gani. "Ajali nyingi," akasema, "huletwa na mtu aliyedhani anajua bila kuuliza."

Akatuweka kazini. Mimi ni masta wa Kitale, basi nikakaa ncha hii ya chumba. Ndugu yangu ni masta wa Bungoma, akakaa ncha ile. Kwa kuwa Leseru haikuwapo, baba mwenyewe akakaa kiti cha katikati, akawa Leseru. Kila mmoja alipewa kengele ya baiskeli. Gari la mahindi lilikuwa limesimama kwangu, mabehewa manne. Darasa likanyamaza, wote wakinitazama.

Nikapiga kengele. Nikasema, "Bungoma, nina gari la mahindi. Njia ni wazi?"

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa ndugu yangu kwa muda wa miaka miwili. Alichelewa kujibu. Nikaanza kufikiri kwamba hatajibu. Kisha kengele yake ikalia, akasema, "Njia ni wazi, Kitale. Lete."

Gari likaondoka. Lilipita Leseru, na baba aliinama, sikio lake likiwa karibu na reli, akatabasamu, kwani alisikia magurudumu yakigonga kwenye viungo vya spoki, tak-tak, tak-tak, kama yalivyogonga ya kweli. Likapita Webuye, likaingia Bungoma, na ndugu yangu akalisimamisha vizuri mbele ya jukwaa. Akapiga kengele kunijulisha limefika salama. Tuliendesha magari mpaka saa kumi na moja, yakaanguka mara nyingi, na kila lilipoanguka ilitubidi tusemezane.

Nisimdanganye msomaji. Habari ya shamba haikumalizika siku ile. Lakini jioni tulikula pamoja, na ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mpaka wa Kiminini upimwe tena, sisi wawili tukiwapo, kwa futi moja. Nikasema isiwe ile yangu ya fundi cherehani. Akacheka. Ubao wa Leseru tumeugawana: mimi natengeneza kibanda na miti, yeye natumai amekwisha kumaliza njia panda. Baba ndiye fundi mkuu. Anatueleza kila kitu kilikuwa wapi, naye hugusa na kusahihisha. Twafanya haraka, na sote twajua kwa nini.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Wako wasomaji watakaouliza kama ufundi huu una faida. Siwezi kusema utawaletea fedha, mimi umenipunguzia. Lakini vijana wale wa Bungoma wamejifunza uwiano wa vipimo, njia za umeme na kulehemu, na mwalimu wao asema hawamwulizi tena hesabu za kugawanya ni za nini.

Mtu anayetaka kuanza asinunue kitu. Achague jengo moja la reli lililo karibu naye, aombe ruhusa kwa wahusika, asitembee juu ya njia, apime na kuchora. Aanze na kibanda, siyo na injini. Atumie rula ya chuma. Tena atafute mtu wa pili mapema, kwa kuwa stesheni moja peke yake haina pa kupeleka gari lake.

Na zaidi ya yote, awatafute wazee waliofanya kazi ya reli, watu wa ishara, wa kugeuza njia, wa kutia moto, wa kukaza misumari. Wako wengi vijijini kwetu, wanachunga ng'ombe wawili na kukaa kimya kwa sababu hakuna anayewauliza. Aende awaulize sasa. Kila mwaka wanapungua, na lililo vichwani mwao halikuandikwa lote katika vitabu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao nitapanda tena matatu ya Bungoma, nikiwa na kibanda cha Leseru magotini. Ni kidogo, hakifiki hata ukubwa wa kiberiti viwili, na kondakta hatakidhania keki. Lakini bila Leseru hakuna gari litakalotoka Kitale kufika Bungoma.